Bahia, Jumba la Waziri

Ukisimama nje ya Bahia, kusini-mashariki mwa mji mkongwe wa Marrakech, jumba hulioni. Unachokiona ni ukuta mrefu wa rangi ya udongo mwekundu, na vilele vya miti vikichungulia kwa nyuma. Hakuna safu ya nguzo, hakuna ngazi pana za kupandia, hakuna hata dirisha la kukuonyesha kwamba mwenye nyumba ni mtu mkubwa. Mellah, mtaa wa zamani wa Wayahudi, uko papo hapo jirani. Aliyeikamilisha Bahia aliitawala Moroko kwa miaka sita bila kuwa Sultani, na upande wa barabarani hakuacha alama yoyote ya kumtambulisha.

Ndani mambo ni mengine. Ua unafuatwa na ua, bustani inafungukia ukumbini, ukumbi unaishia kwenye ujia wenye kona, na ujia unakutoa mahali usipopatarajia. Vyumba vinasemwa kuwa 150 hivi, juu ya eneo la hekta zipatazo nane, na karibu vyote viko chini, bila ghorofa. Wageni wengi hupotea humo. Wanaodhani kwamba kupotea huko kulipangwa na mjenzi mwenye hila wanampa sifa isiyo yake. Bahia haikujengwa kwa ramani moja. Ilikua kama linavyokua shamba la tajiri mwenye majirani wanyonge: kipande hiki mwaka huu, kipande kile mwakani, hadi mpaka wenyewe ukapotea.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha baba. Si Moussa, waziri mkuu wa Sultani Mohammed wa Nne aliyetawala kuanzia 1859 hadi 1873, alijijengea hapo nyumba yenye bustani ndani, na bustani hiyo ndiyo inayoitwa leo riadi kubwa. Ilikamilika mwaka 1866 au 1867. Neno riadi kwa mafundi wa Marrakech lina maana mahususi: ni ua wenye bustani iliyogawanywa vitalu vinne kwa vijia viwili vinavyokatana, na katikati, vinapokutana vijia hivyo, pana maji. Kila upande mfupi wa bustani una ukumbi unaoutazama mwenzake. Umbo hilo halikuwa jipya kwa Si Moussa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua karibu na msikiti wa Kutubiyya mabaki ya bustani ya namna hiyo hiyo, ndogo, yenye vijia vinavyokatana, iliyokuwa sehemu ya kasri la Ali ibn Yusuf, mtawala wa Kimurabiti wa karne ya 12. Yaani waziri wa karne ya 19 alikuwa akirudia umbo lililokuwa limekaa katika mji huo huo zaidi ya miaka 700.

Familia ya Si Moussa nayo inahitaji kuelezwa, kwa kuwa bila hiyo jumba halieleweki. Walikuwa Weusi, wazao wa watumwa waliotumikia dola. Jina lao la ukoo, al-Bukhari, linarudi nyuma hadi kwa jeshi la watumwa Weusi lililoundwa na Sultani Moulay Ismail, ambalo askari wake waliapishwa juu ya kitabu cha hadithi cha Imamu Bukhari. Babu, Ahmad ibn Mubarak, alikuwa hajibu wa Sultani Moulay Slimane, yaani msimamizi wa mlango wa ndani, yule anayeamua nani amwone mfalme na nani arudi kwao. Mwana akafuata njia hiyo, kisha mjukuu. Masultani walikuwa na sababu ya kuwapendelea watu wa namna hii. Mtu wa kabila kubwa la milimani, ukimuudhi, ana bunduki elfu nyuma yake. Hajibu aliyezaliwa katika nyumba ya Sultani hana kabila la kukimbilia. Kila alichonacho amekipata mlangoni hapo, na kwa sheria ya mazoea ya dola hiyo, kila alichonacho kinaweza kurudi hapo hapo mlangoni.

Mjukuu ni Ahmed ibn Moussa, anayejulikana zaidi kwa jina la Ba Ahmed. Alikuwa hajibu wa Sultani Moulay Hassan, na jina lake lingebaki katika orodha za watumishi wa kasri kama si yaliyotokea Juni 1894. Sultani alikuwa safarini na jeshi lake katika nchi ya Tadla, akikusanya kodi na kutuliza makabila, kazi ambayo masultani wa Moroko waliifanya wakiwa juu ya farasi karibu kila mwaka. Akafa ndani ya hema lake. Kambi ilikuwa katikati ya makabila ambayo, yangesikia habari, yangeivamia na kuipora. Na jeshi lenyewe lingetawanyika usiku ule ule. Walioujua msiba walikuwa Ba Ahmed na watumwa wachache wa hemani.

Ba Ahmed akatangaza kwamba Sultani anaamuru safari iendelee. Maiti ikawekwa ndani ya kiti cha kubebwa, mapazia yakafungwa, ngoma na zumari zikapigwa kama kawaida, watu wakainama njiani kila kiti kilipopita. Chakula kiliingizwa hemani na vyombo vikatoka. Barua zilipelekwa ndani na majibu yakarudi. Walter Harris, mwandishi wa gazeti la The Times aliyeishi Tangier na aliyewajua wakubwa wengi wa Moroko, ameyasimulia haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 1921, akieleza pia jinsi joto la kiangazi lilivyoanza kuifichua siri. Harris alipenda kunogesha, na msomaji afanye hadhari naye. Lakini kiini cha habari hakina ubishi. Habari ya kifo ilipotoka, mjumbe alikuwa tayari amekwisha tangulia Rabat, na mtoto mdogo wa Sultani, Moulay Abdelaziz, kijana asiyefika miaka 17, akatangazwa kurithi badala ya kaka yake mkubwa. Kijana akapata kiti cha enzi. Ba Ahmed akawa waziri mkuu, na nchi ikawa mikononi mwake.

Jambo lake la kwanza lilikuwa kuwaondoa ndugu wawili wa ukoo wa Jamai, mmoja waziri mkuu aliyemtangulia na mwingine waziri wa vita. Walifungwa minyororo na kupelekwa gerezani Tetouan, na mali zao zikachukuliwa. Waziri mkuu wa zamani akafia humo humo gerezani. Nyumba yao ya Meknes, iliyojengwa 1882 na yenye riadi nzuri sana, iko mpaka leo; imekuwa jumba la makumbusho. Ile ya Fes ikaja kuwa hoteli. Ba Ahmed alikuwa akiyajua haya yote alipoanza kununua nyumba za majirani zake huko Marrakech, kwa sababu yeye ndiye aliyeyatenda.

Alinunua nyingi. Miaka yake ya ujenzi ni 1894 hadi 1900, na kazi aliikabidhi kwa msanifu Muhammad ibn al-Makki al-Misfiwi, pamoja na mafundi walioletwa kutoka Fes, mji uliokuwa na sifa kubwa kuliko yote katika ukataji wa vigae na uchongaji wa jasi. Nyumba mpya ikinunuliwa, ukuta ulitobolewa, mlango ukapachikwa, tofauti ya sakafu ikasawazishwa kwa vidaraja viwili vitatu, na ujia ukakunjwa ili mtu akiwa ua huu asione ua ule. Al-Makki alifanya jambo ambalo wasanifu wachache hulipenda: alishona viraka. Ukilinganisha na El Badi, kasri la Sultani Ahmad al-Mansur lililo mwendo mfupi tu kutoka hapo, utaona tofauti ya mwenye enzi na mwenye cheo. El Badi ilianzwa baada ya ushindi dhidi ya Wareno mwaka 1578, juu ya uwanja mtupu, na ua wake mmoja ulikuwa na urefu wa mita 135, mistari yote imenyooka. Sultani huanza na kiwanja kitupu. Waziri huanza na alichoachiwa na baba yake na subira ya kusubiri jirani afilisike.

Lakini kuna mahali Ba Ahmed alipojisahau. Ua mkubwa, uliojengwa 1896 na 1897, una urefu wa mita 50 hivi na upana wa 30, umetandikwa marumaru ya Carrara na vigae vya zelije, na kuuzunguka pande zote pana baraza ya nguzo za mbao zilizopakwa rangi. Ukitoka kwenye vijia vyembamba ukaangukia hapo, mwanga unakupiga usoni. Hauna bustani. Hauna kivuli ila cha baraza. Mimi huuona kuwa ndio sehemu isiyo na raha kuliko zote za jumba hilo, na pia ndiyo sehemu ya ukweli kuliko zote: hapo ndipo mtumishi alipojenga kama mfalme.

Nyua nyingine zinafanya kazi ya kweli, na kazi yenyewe ni ya baridi na joto. Marrakech wakati wa Julai hupanda kupita nyuzi 38 mara kwa mara, lakini usiku, kwa kuwa hewa ni kavu na mbingu haina mawingu, joto hutoka upesi. Ua ulio wazi juu huachia joto lake angani usiku kucha, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huzama na kutuama humo. Kuta za udongo, ambazo ni nene sana, huchukua muda mrefu kupata joto, hivyo asubuhi vyumba vinaanza siku vikiwa na akiba ya ubaridi wa jana. Jua likipanda, ukuta mmoja unautilia ukuta mwingine kivuli. Maji ya birika la katikati yanapokauka kidogo kidogo hupoza hewa inayoyapitia, na michungwa, yasmini, migomba na miberoshi huongeza unyevu wake. Milango ya kumbi ni mirefu sana, wala si kwa fahari tu: ndani ya ubao mkubwa mmekatwa kijilango kidogo cha kupitia watu, na mchana wa joto kubwa ubao huo unabaki umefungwa na watu wanainamia kijilango. Jioni yote hufunguliwa. Ukumbi unaotazama kusini hupata jua la baridi, unaotazama kaskazini hukaliwa kiangazi. Familia huhama ndani ya nyumba yake yenyewe kwa kufuata miezi.

Vyumba karibu vyote ni virefu na vyembamba. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja atatambua sababu mara moja: upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti. Kwetu ni boriti za mikoko. Marrakech ni mwerezi ulioshushwa kutoka milima ya Atlasi. Ukitaka chumba kikubwa zaidi, ongeza urefu, kwa kuwa upana umekwisha kuamuliwa na mti. Ndiyo maana ukumbi wa baraza ulio kando ya ua mkubwa, wenye mita 20 kwa nane, ulikuwa tangazo la utajiri kwa yeyote aliyejua kuhesabu. Dari yake haiwezi kuwa ya boriti za kawaida. Ni kazi ya seremala aliyeunga vipande vingi vya mwerezi kuwa muundo unaojibeba wenyewe, kisha mchoraji akaja juu yake na maua, nyota na mizabibu. Ukiingia, tazama juu kwanza. Macho yakishazoea vigae vya chini huwa yamechoka.

Vigae navyo vina haki yao. Zelije haichorwi. Kigae kinachomwa kikiwa cha mraba, chenye rangi moja tu ya kung'aa, kisha fundi aketiye chini huandika umbo juu yake na kulikata kwa nyundo yenye makali pande mbili, pigo moja moja, mpaka apate nyota ya pembe nane, au kipande kirefu kama punje ya mchele. Mwingine huvipanga vipande hivyo uso chini, rangi haionekani kabisa, akiufuata mchoro ulio kichwani mwake kwa kinyume. Vikishakaa, saruji ya chokaa humwagwa juu, bamba likauka, likainuliwa na kubandikwa ukutani. Ni wakati huo tu ndipo huonekana kama kuna kosa. Juu ya zelije, kuanzia kimo cha bega hadi darini, huja jasi, ambayo huchongwa ingali na umajimaji. Juu kabisa huja mbao. Mpango huo wa vigae chini, jasi katikati na mwerezi juu utauona kila nyumba kubwa ya Moroko, na sababu yake haina siri: vigae huvumilia maji na migongo ya watu, jasi haivumilii, na mbao ziko mbali na vyote viwili. Katika hamamu, mahali pa mvuke, hutumiwa tadelakti, yaani chokaa ya Marrakech iliyosuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni nyeusi ya zeituni mpaka maji yashindwe kupenya.

Waongozaji wa watalii wana maelezo mengine juu ya Bahia, na linalopendwa zaidi ni kwamba jumba halina ghorofa kwa sababu Ba Ahmed alikuwa mfupi mnene asiyeweza kupanda ngazi. Kwamba alikuwa mfupi na mnene, Harris aliyemwona anathibitisha. La ngazi silikubali. Nyumba ya baba yake ilikuwa ya chini, nyumba za riadi zenye nafasi ya kutosha hupenda kuenea kuliko kupanda, na tena ghorofa huleta macho. Mtu akiwa juu ya ua huu anaona ua wa pili. Katika nyumba yenye wake, masuria, watoto wao, makarani, wadeni na wajumbe wa makabila, kila kundi lilipaswa kuwa na ua wake na mlango wake, na kila mlango kupinda kabla haujafunguka. Mwaka 1898 Ba Ahmed alimjengea mkewe wa kwanza, Lalla Zaynab, sehemu yake mwenyewe pembeni ya riadi kubwa, na mwaka huo huo ikakamilika riadi ndogo, ambako waziri alifanyia shughuli zake za kila siku. Kutoka kwa mke hadi kwa karani ni mwendo wa hatua chache. Lakini hakuna anayeweza kuupita mwendo huo bila kuonekana na mlinzi wa kona. Hajibu alijua milango.

Wakati huo huo nduguye Si Said, waziri wa vita, alikuwa akijijengea nyumba yake mtaa wa pili, Dar Si Said, yenye ghorofa na ukumbi wa juu wa kupendeza sana. Leo ni makumbusho ya ufumaji na mazulia. Kwa kazi ya mkono, wapo wanaoiweka mbele ya Bahia, nami ni mmoja wao.

Mei 1900 Ba Ahmed akafa kitandani mwake. Kifo chake hakikuwa na mapazia. Kwa mujibu wa Harris, alipokuwa angali anavuta pumzi za mwisho askari wa Sultani walikuwa wameshasimama kuzunguka jumba, na kila mtu mjini alijua wanangoja nini. Kilio kilipotoka ndani, milango ikazibwa. Dhahabu, mazulia, farasi, watumwa, vito vya wanawake, vyote vikaandikwa kuwa mali ya Sultani, na kwa siku kadhaa wanyama wa mizigo walipita njiani kati ya Bahia na kasri la mfalme. Watu wa nyumba yake, waliokuwa jana matajiri kupita wote mjini, wakatoka bila kitu. Yule kijana aliyepewa kiti cha enzi na Ba Ahmed sasa alikuwa mtu mzima na alitaka kutawala.

Mgeni wa leo hulalamika kwamba Bahia haina samani. Hakuna kiti, hakuna zulia, hakuna birika la chai. Wengine hulaumu wizara. Jumba lilitolewa vitu vyake mwaka 1900, na limebaki na vile visivyobebeka mgongoni mwa nyumbu: vigae, jasi, dari, marumaru ya sakafu. Hata hivyo lilikuwa na bahati. El Badi, mwanzoni mwa karne ya 18, Moulay Ismail aliichuna mpaka sakafu na dari. Marumaru ambayo, kwa masimulizi ya zamani, al-Mansur aliyanunua Italia kwa sukari uzani kwa uzani, yalibebwa na kutawanywa katika majengo mengine. Leo kuna korongo juu ya kuta zake na michungwa chini. Abdelaziz hakuwa na haja ya marumaru. Alivutiwa na baiskeli, kamera na vichezeo vingine vya Ulaya, na madeni ya vichezeo hivyo yakawa sehemu ya deni lililoifikisha nchi kwenye mkataba wa 1912 na utawala wa Ufaransa.

Kabla ya Wafaransa, jumba lilikuwa limekwisha kukaliwa na Madani el Glaoui, bwana mkubwa wa milima ya Atlasi, aliyekuwa waziri mkuu wa Sultani aliyemfuata Abdelaziz. Kisha akaja Jenerali Lyautey, mkuu wa utawala wa Kifaransa, akaifanya Bahia makazi yake ya Marrakech. Wafaransa walipoona baridi ya Januari inavyoingia katika vyumba visivyo na ukuta wa nne, wakaweka mahali pa kuwashia moto. Edith Wharton, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alilala humo mwaka 1917 akiwa mgeni wa serikali hiyo, na akaandika juu ya nyua zake katika kitabu cha safari. Baada ya uhuru wa 1956 jumba lilitumiwa na mfalme, halafu likakabidhiwa kwa wizara ya utamaduni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelinunua.

Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga milima iliyo kusini-magharibi mwa mji. Kuta za Bahia zikapata nyufa, jasi ikadondoka sehemu kadhaa, na jumba likafungwa kwa muda kabla ya kupokea tena wageni. Ukuta wa udongo ulioshindiliwa ukishapasuka haufungwi kwa saruji ya kiwandani, maana saruji ni ngumu kuliko udongo, huzuia unyevu usitoke na kuusukuma udongo uliozunguka mpaka unabanduka. Hujazwa udongo na chokaa, tabaka kwa tabaka, na kuachwa ukauke kwa wakati wake. Marrakech bado ina watu wanaoijua kazi hiyo, na pale walipoajiriwa kiraka chao kipya huwa na rangi nyepesi kidogo kwa msimu mmoja au miwili, kisha kinashika rangi ya ukuta.